Fomu Ifuate Daftari la Karani

Katika Microsoft Access, programu ya kutunza data kwenye kompyuta, ukichagua jedwali na kubonyeza kitufe cha kutengeneza fomu, fomu inatokea papo hapo, nyuga zote, yaani nafasi za kujazia kama jina au umri, zikiwa kwenye mpangilio uleule wa jedwali. Wengi huishia hapo na kuwakabidhi makarani. Kwangu mimi, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Aliyepanga jedwali aliwaza namna ya kuhifadhi data. Karani wa zahanati anawaza daftari lililo pembeni yake na mgonjwa aliyesimama mbele yake. Kama daftari linaanza na namba ya kadi, kisha jina, shehia (eneo anakoishi), umri na jinsia, fomu nayo ianze hivyohivyo, na kitufe cha Tab kimpitishe humo bila kushika kipanya. Na ujue kwamba ukihamisha visanduku kwenye skrini, mpangilio wa Tab haubadiliki wenyewe. Usipourekebisha, kishale kitakuwa kinarukaruka na karani ataingiza umri kwenye namba ya kadi.

Linaloniudhi kuliko yote ni uga wa lazima. Bibi mzee anakuja, umri wake anaukadiria, tarehe ya kuzaliwa haijui. Fomu inakataa kuhifadhi mpaka tarehe ijazwe, na foleni imefika mlangoni. Karani afanyeje? Anaandika 01/01/1950, anaita mwingine. Baadaye ripoti inajaa watu waliozaliwa Januari mosi, na huwezi tena kutenganisha tarehe za kweli na za kubuni. Karani analaumiwa kwa uzembe, wakati aliyemfunga mikono ni mbunifu wa fomu. Iacheni tarehe iwe ya hiari, ongezeni uga wa umri kwa miaka na kisanduku cha kutiki kuonyesha kwamba ni makadirio. Hapo mwenye kusoma ripoti atajua anachokisoma.

Orodha za kuchagua ni nzuri sana, maana jina la mahali kama Mwanakwerekwe likiachwa liandikwe kwa mkono litapata tahajia nyingi. Lakini orodha iliyofungwa kabisa ina hatari ileile: mgonjwa akitoka mahali pasipoorodheshwa, karani atachagua jina lolote ili apite. Wekeni "kwingineko", na nafasi ya kuandika.

Uga wa namba ya simu uwe wa aina ya matini (maandishi), si wa tarakimu za kuhesabia, la sivyo 0712 itageuka 712. Jina nalo lipewe nafasi tatu, la mtu, la baba na la babu, kama tunavyojiandikisha.

Kabla ya kukabidhi fomu, kaa pembeni ya karani siku ya kliniki, aingize rekodi halisi kutoka kwenye daftari lake, nawe usimwelekeze chochote. Kila anapositasita au kunyoosha mkono kwenye kipanya, andika. Jioni rudi ukarekebishe.