Meno ya mtoto mwenye ulemavu wa akili: mzazi alaumiwe?

Daktari akifungua kinywa cha mtoto mwenye ulemavu wa akili na kukuta meno yameoza, swali la kwanza humwendea mama: "Kwani humpigi mswaki?" Swali lenyewe si la uonevu. Ulemavu wa akili hautoboi meno. Kinachotoboa ni sukari na ukoga usiosuguliwa, na mtoto asiyeweza kushika mswaki sawasawa lazima asafishwe na mtu mwingine.

Ila anayeuliza hajaiona hiyo kazi inavyofanyika nyumbani. Mtoto anakaza taya, anageuza shingo, anauma. Wapo wasiovumilia kabisa ladha kali ya dawa ya meno au brashi kugusa fizi, na huo si ukaidi, ni karaha ya kweli. Mama huyo ameshamlisha, ameshamwogesha, ameshampa dawa ya kifafa, na usiku hakulala. Tena kuna mambo ambayo bidii peke yake haiyamalizi. Dawa nyingi za maji za watoto zina sukari. Phenytoin, dawa ya kifafa ya siku nyingi, huweza kukuza fizi hadi zikafunika sehemu ya meno. Watoto wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili, meno yao huchelewa kuota, na fizi zao huugua mapema hata pale meno yasipokuwa na tundu. Mama anaweza kusugua kila siku na bado akaambiwa amezembea.

Hata hivyo siungani na wanaosema, "Mwacheni, mzigo alionao unatosha, meno baadaye." Mtoto asiyesema hawezi kukuambia jino linauma. Atagoma kula, atajipiga kichwa, atalia usiku kucha, na watu watasema tabia imeharibika au ana mashetani. Ule msongo ambao mama aliepushwa nao jioni unamrudia saa nane za usiku. Ndiyo maana naona mabishano ya kipi kilitangulia, msongo wa mzazi au meno mabovu, hayatufikishi mbali: hivyo viwili vinalishana.

Je, mtoto ashikwe kwa nguvu? Wengine wanasema mbona sindano tunamshika. Kweli, lakini sindano ni mara moja moja, mswaki ni kila siku, na mtoto aliyezoea kupambana atakifunga kinywa hata kwa daktari. Mimi naona mkao unasaidia kuliko nguvu. Mama akae mkekani, mtoto alale chali, kichwa kikiwa mapajani mwa mama, mkono mmoja utegemeze kidevu, mwingine usugue. Akizoea kuuma, kitambaa safi kilichokunjwa kikawekwa kati ya meno ya upande mmoja huacha nafasi upande wa pili. Kidole kisiingie hapo. Leo ya mbele, kesho ya nyuma, inatosha kuanzia. Wa kutokosa ni mswaki wa usiku, kwa sababu mtu akilala, mate yanayoosha meno hupungua. Dawa ya meno yenye floridi, madini yanayokinga meno yasioze, iwe kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na punje ya njegere kuanzia hapo. Asiyejua kutema apakwe kidogo tu, povu lifutwe kwa kitambaa.

Hospitalini nako kuna la kusema. Nusu kaputi humaliza kazi yote kwa mkupuo, lakini inataka chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi na fedha. Zipo njia nyepesi zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, ilianza mbinu ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba jino, bila umeme wala ile mashine ya kuchimba jino ambayo mlio wake tu unamtoa mtoto mbio. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza floridi yenye madini ya fedha (silver diamine fluoride), dawa ya kupaka inayosimamisha uozo, kwenye orodha ya dawa muhimu. Kasoro yake ni kwamba sehemu iliyooza hugeuka nyeusi. Mama ambaye tayari anatazamwa vibaya kwenye daladala ana haki ya kusita. Kwenye magego sioni tatizo, nani atayaona? Kwa meno ya mbele aachiwe mzazi aamue, na aambiwe kabla dawa haijapakwa.