Siku ya tathmini, usijikaze

Siku afisa wa huduma za nyumbani alipokuja kupima mama anahitaji msaada kiasi gani, mama aliamka alfajiri. Alivaa gauni lake la kutokea, akachana nywele, akakaa wima kitini. Akaulizwa kama anaoga mwenyewe. "Naweza, mwanangu." Kuinuka je? "Naweza." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na jana yake tu nilikuwa nimemwinua bafuni mara mbili. Nikanyamaza. Niliona haya kumuumbua mzazi wangu mbele ya mgeni. Barua ilipokuja, tulipewa saa mbili za mhudumu kwa wiki.

Wengi hudhani daktari ndiye anayepanga saa za mhudumu. Daktari anaweza kukuombea saa hizo, lakini penye huduma zinazolipiwa na serikali, neno la mwisho huwa la tathmini: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kukumbuka dawa. Ujerumani majibu hugeuzwa pointi, na pointi humpa mtu daraja la 1 hadi la 5. Japani, ambako bima ya matunzo ilianza mwaka 2000, ngazi za uhitaji ni 7 na kila ngazi ina kikomo chake cha huduma zinazolipiwa. Mtumiaji huchangia asilimia 10 ya gharama, wenye kipato kikubwa 20 au 30. England halmashauri hupima mahitaji kwanza, kisha ndipo huuliza una fedha kiasi gani. Kila nchi na utaratibu wake, ila kote huko mzee anayejikaza hupewa kidogo.

Kwa hiyo eleza siku mbaya, usieleze siku nzuri. Wiki moja kabla, weka daftari: ameanguka lini, nani alimwinua, usiku ameita mara ngapi. Mzee akiona aibu, omba kuzungumza na afisa pembeni. Uamuzi utake kwa maandishi, na hali ikibadilika omba tathmini mpya, usingoje wakukumbuke.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mtu anapimwa kwa muda mfupi, mchana, akiwa amejiandaa. Usiku wake hakuna anayeuona. Mhudumu angeuona, lakini kwetu kila wiki alikuja mwingine, na mama alilazimika kuvua nguo mbele ya mtu asiyemjua hata jina. Uholanzi kuna shirika la uuguzi wa nyumbani, Buurtzorg, lililoanza 2006, ambalo timu yake haizidi wauguzi 12, wanahudumia mtaa mmoja na kupanga zamu wenyewe. Mtu anayekujua hutambua mapema kwamba hatua zako zimepungua. Ningeambiwa nichague kati ya saa zaidi na mhudumu yuleyule kila siku, ningemchagua mhudumu.

Tathmini ya pili tuliiomba sisi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikaa na mama tukalisoma daftari pamoja, ukurasa kwa ukurasa, naye hakusema kitu. Afisa alipomuuliza kuhusu kuoga, alinitazama kwanza, akashusha macho. "Peke yangu siwezi, mwanangu. Naogopa."