Zilipendwa, Lakini Zililipwa?

Ukitaka kumkasirisha mtu mzima wa Mombasa asubuhi mapema, kabla hajamaliza kahawa yake, mwambie Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, alikuwa akiimba mahadhi ya watu. Hawezi kukukatalia, maana yeye mwenyewe anajua. Nyimbo nyingi za Bhalo zilipanda juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi, zile zilizokuwa zikionyeshwa kwenye majumba ya sinema ya Regal, Naaz na Majestic. Mtu alitoka sinema usiku na sauti ya Mohammed Rafi kichwani, na haukupita muda akayasikia mahadhi yale yale arusini, safari hii yamevishwa maneno ya Kimvita. Ni kweli tupu. Lakini atakasirika, kwa sababu umeugusa ujana wake.

Mimi ni mmoja wao, niseme mapema nisije nikadhaniwa nawacheka watu. Nampenda Bhalo, nampenda Zein l'Abdin, na sauti ya Zuhura Swaleh ikiingia juu ya tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vibonyezo, huacha lolote nililoshika. Ila mapenzi haya ya zilipendwa yamegeuka hukumu. Kila jioni barazani husomwa ile ile: waimbaji wa leo si waimbaji, wa zamani walikuwa na heshima zao, na muziki wa Pwani umezikwa pamoja nao, Bhalo mwaka 2014 na Zein mwaka 2016. Hukumu hiyo ina haki ndani yake, tena si haba. Ina uonevu pia. Na kuna jambo moja ambalo haligusi kabisa, nalo ni pesa.

Tuanze na haki yake. Taarab ya Mombasa ilianzia kwa mshairi. Bhalo aliimba tungo nyingi za binamu yake Ahmad Nassir, mmoja wa malenga wakubwa waliopata kutokea Mvita, na vina na mizani vilikuwa vimeshakaa sawa kabla mpiga tabla hajaitwa. Zein, aliyezaliwa Lamu mwaka 1939 akahamia Mombasa, alipiga udi uliojaa Uarabu kwa ulimi uliojaa Lamu, na aliimba mashairi ambayo leo mwanafunzi wa chuo kikuu hupewa ayafafanue. Watu walikuwa wakisikiliza. Wimbo ulikwenda dakika kumi na zaidi, na hakuna aliyeuliza utakwisha lini, kwa kuwa fumbo lilikuwa bado halijafunguka.

Fumbo lenyewe lilikuwa na mwendo wake. Mtu mwenye kisa, tuseme mke aliyeletewa mwenzake nyumbani, alimwendea malenga akamsimulia. Malenga akakifunga kisa ndani ya ndege, au mti, au chombo kilichokwenda mrama. Mwimbaji akakiimba, na mwenye kisa akaketi kati ya wasikilizaji kama asiyehusika. Kisha mshororo unafika pale unapouma. Mwanamke ananyanyuka kitini, noti ya shilingi mia imeshikwa juu kwa vidole viwili, anakwenda mbele taratibu akicheza mabega. Kumtuza mwimbaji ndiko kunakompeleka, lakini macho hayako kwa mwimbaji hata kidogo; yako kwenye safu ya tatu, kwa aliyevaa hina mpaka viwikoni. Noti inadondoka juu ya harmoniamu. Ukumbi mzima unajua, na hakuna jina lililotajwa.

Weka hayo kando ya umaarufu wa leo. Msanii akigombana na mchumba wake twaambiwa na yeye mwenyewe, moja kwa moja, saa nane za usiku, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Jina linatajwa, na la mama mkwe, na kiasi cha pesa alichokopeshwa. Kesho yake mchumba naye anafungua yake. Wiki ikiisha, watu laki moja wanaujua ugomvi na hawaujui wimbo. Mzee anayesema kwamba hapo kuna kitu kimepotea hasemi upuuzi, na mimi niko naye.

Anaponipoteza ni pale anapoendelea na kusema kwamba zamani watu hawakuwa na mambo haya. Walikuwa nayo sana. Vyama vya lelemama, ngoma ya akina mama wa Mombasa, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kutupiana vijembe, kila kimoja na wafuasi wake na gharama zake. Unguja nako, tangu chama cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905, vyama vya muziki havikukosa upinzani. Ushabiki wa makundi haukuletwa na simu. Hata ule usiri wa fumbo tunaousifu ulikuwa mwepesi kama mtandio, kwa maana aliyeimbwa alijulikana mtaa mzima. Na yeye, ili ajibu, alihitaji malenga wake na pesa za kumwendea. Asiye nazo alikaa kimya akaimbwa arusi baada ya arusi, na kaseti ya wimbo huo ikapigwa Kibokoni, Majengo na Likoni. Sidhani mwanamke yule angekuwa na hamu na heshima ya zamani kama tuliyo nayo sisi.

Hoja ya asili nayo inayumba vile vile. Kijana wa Kisauni akichanganya mdundo wa Kinaijeria na maneno ya kwao tunamwambia anaiga. Sasa itazame taarab tunayoiita asilia. Udi umetoka Uarabuni. Harmoniamu na tabla zimetoka Bara Hindi. Tashkota, ambayo bila yake masikio yetu hayakubali kwamba hii ni Mombasa, ni taishogoto ya Wajapani, iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912, na vibonyezo vyake viliigwa kwenye taipureta. Mwimbaji Matano Juma akaja na kinanda cha umeme. Siti binti Saad, mama wa hawa wote, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda kurekodi santuri Bombay. Bandari haijawahi kuwa na kitu chake peke yake. Kilichokuwa chetu ni lugha na namna ya kuyapokea ya watu mpaka wenyewe wakija wasiyatambue. Bhalo aliiga kwa ustadi mkubwa, na ustadi ndio wa kumpimia kijana. Wapo wanaoiga ovyo, hilo halina ubishi. Lakini alipokuja Nyota Ndogo akiimba maisha ya mtu wa kawaida wa Pwani kwa Kiswahili kisicho madoido, na walipokuja Ukoo Flani wakisema ya mitaani kwa mashairi ya kufoka, wangapi katika sisi wa barazani tuliketi tukawasikiliza hadi mwisho?

Na sasa pesa.

Mashabiki tuna jambo la kujivunia ambalo halisemwi vya kutosha: nyimbo hizi zipo leo kwa sababu yetu. Maduka ya hapa mjini, kama Mbwana Radio Service, yalirekodi na kuuza kaseti za wakubwa hawa, na kabla yake Assanand walitoa santuri. Lakini sehemu kubwa ya taarab ya Mombasa iliimbwa arusini, usiku mmoja, na haikurudiwa vile tena. Aliyeihifadhi ni jamaa wa bi arusi aliyeweka redio kaseti karibu na spika, akanakili, akampa shemeji yake wa Malindi, naye akanakili akampeleka mtu Maskati. Ndiyo maana ukisikiliza kanda hizo unasikia watoto wakilia, vigelegele, na mtu akiitwa aende akaondoe gari lake njiani. Hakuna jumba la kumbukumbu lililotuma mtu na kinasa sauti arusi kwa arusi. Mapenzi ya shabiki ndiyo yaliyofanya kazi hiyo, bila mshahara.

Basi, bila mshahara kwa yeyote. Deki ya milango miwili iliyookoa wimbo ndiyo hiyo hiyo iliyomnyima mwimbaji bei ya kaseti ya pili, na ya tatu, na zote zilizofuata. Tuzo za arusini zilikuwa pesa za usiku ule. Ukiugua mwezi ujao hakuna anayekuja na noti juu. Malenga ndiye aliyeachwa nyuma zaidi, kwani noti hazikuangushwa mbele yake na jina lake halikuwa kwenye ganda la kaseti. Leo kaseti zimehamia YouTube na mambo hayajabadilika sana. Fungua video yoyote ya taarab ya zamani. Utaona picha ya mwimbaji iliyofifia, tangazo la sabuni, jina la aliyepandisha, na chini yake dua za kumrehemu marehemu. Mtunzi wa shairi hayumo. Mpiga tashkota hayumo. Tunaomba dua kwa watu ambao kazi yao mtu mwingine anaichuma, na roho zetu zimetulia kabisa.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda shairi na muziki kwa miaka 50 baada ya kufa mtunzi, na rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu ilipofanywa. Maana yake rekodi ya mwaka 1970 ulinzi wake ulikwisha mwisho wa 2020, wakati shairi lililomo ndani yake, ikiwa aliyelitunga alifariki juzi au angali hai, lina mwenyewe kwa miongo mingi ijayo. Ila haki hiyo haimfikii mtu asiyeandikwa popote. Na si taarab peke yake. Malaika, wimbo unaojulikana dunia nzima, mpaka leo watu hubishana kama ni wa Fadhili William au wa Adam Salim. Mombasa kwenyewe, Them Mushrooms walitoa Jambo Bwana mwanzoni mwa miaka ya 1980, Boney M wakautoa kwa namna yao mwaka 1983, na tangu hapo hakuna bendi ya hoteli kuanzia Diani hadi Watamu iliyoruhusiwa kumaliza jioni bila kuupiga. (Mtalii naye ana zilipendwa zake, na ni mkali kuliko sisi.)

Kuna upande mwingine ambao mashabiki hatupendi kuuzungumzia. Huu ni mji ambao halali na haramu ya ala za muziki hujadiliwa kila siku baada ya swala. Jamaa wa marehemu anayeamini kwamba muziki ni dhambi ana sababu ya kutotaka sauti ya mzee wake iendelee kupigwa, na shabiki anayempenda marehemu kweli kweli hawezi kumjibu kwa kuongeza sauti ya spika. Hapo sina jawabu rahisi. Nampa jamaa uzito zaidi yangu, na kisha, nikiwa peke yangu kwenye gari, naufungua wimbo.

Kinachonitia wasiwasi kuliko yote ni yanayowapata walio hai. Kikundi cha taarab kikiitwa arusini leo hukabidhiwa orodha, na orodha ni ya Bhalo, Maulidi Juma na Malika kuanzia juu hadi chini. Mwimbaji ana miaka thelathini na ametunga, lakini akianzisha wimbo wake wazee wanatoka kuvuta sigara na akina mama wanaanza kutafuta viatu. Akirudi kwa Bhalo noti zinapanda. Kwa hiyo anarudi. Baada ya miaka michache ameacha kutunga, na sisi tunapata ushahidi wetu barazani kwamba vijana hawajui kutunga. Bhalo alipokuwa na umri huo alisikilizwa akiimba tungo mpya, na watu walikwenda arusini kwa hamu ya kusikia ambalo hawajalisikia. Shabiki wa miaka ile alikuwa na masikio ambayo huyu wa sasa, nikiwamo mimi, ameyafunga.

Nikiulizwa basi naegemea wapi: mzee ana haki kuhusu ufundi na hana haki kuhusu vijana. Kijana ana haki kuhusu uhuru wa kuchanganya, na amekosea kudhani kwamba ugomvi wa simuni unaweza kukaa badala ya shairi. Lakini mzigo mkubwa nauweka kwetu wenye noti. Orodha ya arusi haiandikwi na mwimbaji. Mwenye arusi anaweza kusema nyimbo tatu ziwe mpya, na mtunzi wake alipwe mbali na mwimbaji, kama kuku na mpishi wanavyolipwa mbalimbali. Anayepandisha kanda ya zamani anaweza kuandika nani alitunga na nani alipiga nini, kazi ya dakika mbili. Atasema hajui. Ajue basi pa kuulizia: wapo Kibokoni na Kuze watu waliokuwa wakibeba spika za vikundi hivyo, wanaokumbuka shairi gani lilitungwa na nani na kwa kisa cha nani, na hilo la mwisho watakwambia usiliandike.