Kondoo Sita

Kosa langu ni kumwambia mjomba kwamba naenda Lisbon. Mjomba ni nahodha mstaafu, mzaliwa wa Malindi, na tangu nipate akili ana kesi moja na Wareno. Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga kwetu. Mfalme akampelekea kondoo 6, na karafuu, na tangawizi, na pilipili manga, kisha akampa na rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Sisi tukaachiwa nguzo ya mawe.

"Ukifika kaburini kwake nipigie kwa video," aliniambia. "Nna maneno naye."

Kaburi liko Belém, katika kanisa la monasteri ya Jerónimos. Nikapanda tramu namba 15, nikashuka, nikawa nauliza njia ya igreja. Hilo ndilo jina lao la kanisa, na ndilo lililotuzalia sisi neno gereza, kwa hiyo nilipoona watu wamepanga foleni juani wanasubiri kuingia, nilicheka peke yangu. Mungu hakuchelewa. Njia za miguu za Lisbon zimepambwa vijiwe vyeupe vilivyosuguliwa na nyayo mpaka vinateleza kama sabuni. Niliingia kanisani nikichechemea, kifua kizima kimejaa mdalasini wa kikeki cha mayai nilichoanguka nacho.

Ndani kulikuwa na kiza cha mtu atokaye juani. Karibu na mlango nikaona jeneza la mawe limebebwa na simba, juu yake bwana wa mawe mwenye ndevu amelala chali, viganja vimekutana kama aombaye dua. Watalii wamemzunguka wanapiga picha. Nikasema huyu ndiye. Nani mwingine?

Mjomba alipokea akiwa barazani, pamoja na wazee wenzake wanne na birika la kahawa. Masikio yake ni mazito, basi nikafungua sauti yote.

"Nielekeze usoni kwake." Akakohoa. "Wewe! Salamu sikupi kwanza. Kondoo wetu wako wapi?"

Sauti ilipaa mpaka darini, na dari ya kanisa lile iko mbali.

"Na rubani wetu, ulimlipa?" Mzee mmoja akadakia kwa hesabu: kondoo 6 wakizaana miaka mia tano, zizi lake litaanzia Malindi liishie Mambrui. Mwingine akataka ikatwe thamani ya nguzo. Wakaanza kubishana wao kwa wao, nami nimesimama nimenyoosha simu kwa mikono miwili mbele ya maiti, kichwa nimeinamisha kwa aibu.

Bibi mmoja wa kizungu akadhani ni dua. Akanishika bega, akatoa leso, akafuta macho. Nyuma yake wakasimama wengine, vichwa chini.

Ghafla mjomba akanyamaza. "Hebu teremsha simu. Hicho ubavuni mwa jeneza ni nini?"

"Kama kinubi, mjomba."

"Na kichwani amevaa nini?"

"Majani."

"Nahodha gani huyo, mwanangu, anavaa majani, ana kinubi, na hana hata mtumbwi?"

Nikageuka. Upande wa pili, tukitazamana nalo, lilikuwapo jeneza pacha, simba vilevile, viganja vilevile, na ubavuni limechongwa jahazi, matanga yamejaa upepo. Mlinzi, ambaye nadhani alikuwa akitusikiliza tangu mwanzo, akaninyooshea kidole jina la yule wangu: Luís de Camões.

Mshairi! Tena ndiye aliyetunga utenzi mrefu wa safari ya Vasco, ukachapwa 1572, na humo watu wa Mombasa amewapaka matope lakini mfalme wa Malindi amemsifu mpaka basi. Halafu mwenyewe alipokuwa akirudi kutoka Bara Hindi alikwama Kisiwa cha Msumbiji hana nauli, analishwa na marafiki. Huyo ndiye tuliyemdai kondoo.

Nikamweleza mjomba. Kimya. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini.

"Muombe radhi," akasema. "Mwambie tulimfananisha."

Nikamuomba radhi. Bibi wa leso naye akainama. Kisha nikavuka upande wa pili, na umati wangu ukanifuata, ukajipanga upya, vichwa chini. Mjomba akakohoa tena. "Sasa wewe..."

Mlinzi akanishika kiwiko, kwa adabu kabisa, akanielekeza mlangoni. Nikatumbukiza simu mfukoni mwa shati bila kuizima, nikalipita kanisa lile huku kifua changu kinapiga kelele: "Sita! Sita, na wote wazima!"

Nje, bibi akanifuata. Akaniuliza kwa Kiingereza kama marehemu alikuwa ndugu yetu.

"Hapana," nikamwambia. "Ni mdeni wetu."

Akanipa pole.