Miwa ya Okinawa na miwa ya Kagera

Tangu nihamie Naha, mji mkuu wa mkoa wa Okinawa kusini mwa Japani, nimezisikiliza kwa makini nyimbo ambazo watu wa huku huziimba kupinga vita. Nimefikia maoni ambayo ningependa kuyaweka mbele ya wasomaji wenzangu, hasa waliozaliwa mkoani Kagera kama mimi. Nyimbo zetu za amani ni za jumla mno, na kwa sababu hiyo tunakaribia kupoteza kumbukumbu ambayo Wajapani, pamoja na mapungufu yao, wameweza kuitunza.

Kwetu wimbo wa amani husikika zaidi uchaguzi unapokaribia na katika sikukuu za kitaifa. Humwomba Mungu aibariki nchi, huwasihi wananchi wasibaguane kwa dini wala kabila, na huisifu Tanzania kuwa kisiwa cha amani. Sina neno baya juu ya dua hiyo, nami huiitikia kwa moyo wote. Hata hivyo, kijana anayeisikiliza hawezi kujua vita vilipiganwa wapi, wala ni nani aliyeondoka nyumbani asirudi.

Huku kuna wimbo uitwao "Satōkibi-batake", yaani shamba la miwa, uliotungwa na Terashima Naohiko baada ya kuzuru Okinawa mwaka 1964, na ulioimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1967, wakati visiwa hivi vikiwa bado chini ya utawala wa Marekani. Ukiimbwa wote huchukua zaidi ya dakika 10, na ndani yake neno "zawawa", ambao ni mlio wa upepo unaopita katika majani ya miwa, hurudiwa mara 66. Msimulizi wake ni mtoto aliyezaliwa siku vita vilipokwisha, ambaye baba yake aliuawa na mvua ya chuma. Mtoto huyo huota amebebwa na mikono ya baba asiyemjua, kisha huenda peke yake kumtafuta katika lile shamba. Mapigano ya Okinawa, yaliyoanza majira ya kuchipua ya mwaka 1945 na kumalizika Juni, yaliua takriban robo ya wakazi, lakini wimbo hautaji idadi hiyo. Unamtaja baba mmoja na upepo usiokoma.

Nilipousikia, mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja Missenyi, kwenye miwa iliyo kando ya Mto Kagera. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakapora mifugo na kiwanda cha sukari, yakalipua daraja la Kyaka, na watu wetu wakakimbia kwa miguu wakiwa wamebeba watoto. Redio ya wakati ule ilipiga nyimbo za kuwatia moyo askari wetu, na zilihitajika, kwa sababu nchi ilikuwa imevamiwa na Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba sababu, uwezo na nia ya kumpiga adui tunavyo. Askari waliokufa wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na taifa huwakumbuka kila Julai 25. Lakini wimbo wa mama wa Missenyi aliyerudi na kukuta nyumba imechomwa na mume hayupo, mimi sijausikia redioni hata mara moja.

Wimbo mwingine ulionigusa ni "Shimauta" wa kundi la The Boom, uliotoka mwaka 1992. Mtunzi wake, Miyazawa Kazufumi, si mtu wa Okinawa. Aliutunga baada ya kuzuru makumbusho ya wasichana wa Himeyuri, wanafunzi waliopelekwa vitani kuwauguza askari, na kumsikiliza mmoja wa walionusurika. Mgeni huudhania kuwa wimbo wa mapenzi, kwa kuwa unataja watu wawili waliokutana katika miwa na kuagana milele chini ya miwa hiyo hiyo. Wenyeji wanajua kwamba chini ya mashamba kuna mapango, na kwamba humo watu walilazimishwa kujiua wasije wakatekwa. Wimbo wote umejengwa juu ya sauti za muziki wa asili wa Okinawa, isipokuwa pale panapotajwa kuagana huko. Hapo Miyazawa aliziacha sauti hizo kwa makusudi, kwa sababu aliona vifo vile vilitokana na amri ya Japani yenyewe. Kwangu mimi, huo ni ujasiri mkubwa wa mtunzi, kukiri kosa la upande wake ndani ya muziki wenyewe.

Ujasiri wa namna hiyo ni nadra. Nyimbo nyingi za Japani hueleza maumivu ya Wajapani, mabomu ya Hiroshima na Nagasaki na miji iliyoungua, na ni chache mno zinazowataja Wachina, Wakorea au Waburma walioteswa na jeshi la Japani. Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) kutoka kwetu walipelekwa Burma kupigana na jeshi hilo mwaka 1944, na baadhi yao wamezikwa huko. Sijakutana na jirani hapa Naha aliyewahi kusikia habari zao, na jambo hilo huniuma.

Nyumbani nimewahi kuambiwa kwamba kuimba habari za vita vya Kagera ni kutonesha kidonda na kuwachokoza majirani zetu wa Uganda. Siafiki. "Satōkibi-batake" hautaji adui kwa jina. Unasema tu kwamba vita vilikuja kutoka ng'ambo ya bahari. Katika mnara wa kumbukumbu wa Mabuni, hapa Okinawa, majina ya Wamarekani waliokufa yamechongwa pamoja na ya wenyeji. Waganda nao waliteseka chini ya Amin, na wimbo wa kweli ungeweza kuwabeba hata wao.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati daraja la Kyaka lilipolipuliwa sasa anakaribia 70. Nawaomba watunzi wetu, wa kwaya na wa kizazi kipya, wakae na wazee hao, kwa Kihaya au kwa Kiswahili, wakawaulize walipita njia ipi kukimbia, nani walimzika njiani, na walipanda nini waliporudi.