Ndiyo, Yule Mwenye Taa Kichwani Kwenye Video ya Senene Ni Mimi

Kabla hamjanitumia tena ile video, nimeshaiona. Nimetumiwa na watu kumi na mmoja, wawili kati yao wako Mwanza na sikujua kama wana namba yangu. Aliyeirusha ni rafiki yangu. Jina simtaji, ila anafuga kuku wa mayai Kashai na nina hela yangu kwake tangu Pasaka. Chini ya video ameandika: "Injinia akipima umeme kwa meno." Uongo mtupu. Mdomo ulikuwa wazi kwa sababu kuna kitu nilikuwa nasema, na nitawaambia ni kitu gani.

Mjomba wangu ana mtego wa senene, wale panzi wa kuliwa, huku juu ya mji wa Bukoba. Mabati mapya yamesimamishwa, miguu yake imeingia kwenye mapipa, katikati kuna nguzo yenye taa mbili za wati 400, zile za zebaki kama za barabarani, na jenereta kule pembeni. Senene anafuata mwanga, anagonga bati, anateleza, anaishia kwenye pipa. Novemba ikifika na mvua zake, watu hawalali. Jirani zetu wa Uganda mwezi wenyewe wanauita Musenene, kwa hiyo msione kama ni sisi tu tumechanganyikiwa.

Sasa viungio vya zile taa vilikuwa aibu. Waya umesokotwa na waya mwenzake kwa mkono, juu yake mfuko wa rambo, tena rambo halisi la kabla ya marufuku ya 2019, halafu juu ya rambo kipande cha tyubu ya baiskeli kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Miaka yote hiyo, mvua na upepo wa ziwa, na taa zinawaka. Hilo la kwamba zilikuwa zinawaka naomba mlishike vizuri.

Nikamwambia, "Mjomba, shikamoo, hapa utaunguza watu. Niachie mimi."

Mjomba akaniangalia muda mrefu. "Wewe unajua umeme?"

Najua tochi. Tochi zangu nazifungua mwenyewe. Hata ile ya kichwani mliyoiona kwenye video ni kazi ya mikono hii: nilitoa betri yake ya kitoto nikaweka mbili nilizozichomoa kwenye kompyuta mpakato iliyokufa, nikabadilisha waya, na swichi ilipoanza kusumbua nikairuka kabisa. Ukitaka iwake unachomeka kiplagi nyuma ya kisogo, ukitaka izime unachomoa. Siku hiyo, kwa kuwa ningepanda ngazi na sikutaka ichomoke nikiwa juu, kile kiplagi nikakilehemu kwa risasi na kuzungushia tepu. Mnaanza kuona inakoelekea? Mimi sikuona.

Nikanunua waya wa milimita 2.5, konekta za skrubu na tepu nyeusi. Mchana kutwa niko juu ya ngazi namenya waya kwa meno (hapo nakubali, meno yalihusika, ila mchana). Nikaingiza kila waya kwenye tundu lake, nikakaza skrubu mpaka mkono ukauma. Rambo na tyubu nikavitupa mbele ya watu, kwa dharau. Kazi ilipendeza. Nikaipiga picha nikaweka stetasi: "Kisasa." Mwenye kuku aliipenda ile stetasi. Alikuwa wa kwanza.

Saa tatu usiku mvua ikakatika, ukungu ukabaki, mwezi hakuna. Watu wakajaa, maana mtego mkubwa ni kama kilabu: watoto, wapita njia, kina mama na ndoo zao, na mzee mmoja ambaye binti yake mimi na yeye tunasalimiana vizuri. Jenereta ikapigwa. Taa za zebaki haziwaki ghafla. Zinaanza na mwanga hafifu wa zambarau, choki, kile kidude cha kudhibiti umeme wa taa, inanguruma mmmm, dakika tatu, nne, halafu polepole unakuja ule weupe wa kukufanya ufumbe macho. Watu wakashangilia. Mtu akasema, "Injinia!" Nami nikainua mkono. Niliinua mkono, jamani.

Saa nne hivi wakaja. Asiyewahi kusikia wingu la senene likitua kwenye mabati achukue kopo la mchele amwage kwenye sinia, halafu afikirie magunia. Mapipa yakaanza kuvuma. Mama mdogo akaanza kuimba.

Taa zikakonyeza. Mara moja. Mara ya pili. Zikazima.

Jenereta inaendelea kunguruma kama kawaida, lakini kilima kizima giza. Mjomba hakusema kitu. Aliita tu jina langu, lote, la ubatizo na la ukoo.

Nikapanda ngazi. Jenereta ilizimwa kwanza, msianze kunihubiria. Tochi yangu kichwani, inawaka kama mchana. Nikafungua tepu, nikaona kosa hapo hapo, na nitalisema ili mtu mwingine asiaibike: skrubu nilizikaza juu ya plastiki ya waya, si juu ya shaba. Nyuzi mbili tatu tu ndizo zilikuwa zinagusa. Mtetemo wa jenereta ukazitikisa weee mpaka zikaachia. Nikamenya upya, nikakaza upya, nikapaza sauti: "Washa!"

Jenereta ikawaka. Choki ikanguruma. Taa, kimya.

Hapa ndipo ningejua kitu kimoja tu, kimoja, nisingekuwa kwenye simu zenu. Taa ya zebaki ikizimika ikiwa ya moto haikubali kuwaka tena mpaka ipoe. Dakika tano, pengine kumi. Umeme unaweza kuwa umefika salama salimini, kiungio chako kizuri kama cha mkandarasi, nayo inakuangalia tu. Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba nimeua taa mbili za Mjomba mbele ya mzee yule.

Nikabaki nimeganda juu ya ngazi, uso umeelekea kwenye mabati mapya yanayong'aa, nawaza nitasema nini nikishuka.

Wa kwanza alitua kwenye sikio. Nikamfuta. Wa pili kwenye nyusi. Wa tatu akaingia kwenye kola ya shati akashuka na uti wa mgongo taratibu, na kila hatua unahisi ile miiba ya miguu yake ya nyuma, kwi, kwi, kwi. Nikajiuliza mbona wananiandama. Halafu nikainua kichwa, nikaona mwanga wangu mwenyewe umegonga bati na kunirudia usoni, na ndani ya ule mwanga nikaliona wingu zima linageuka.

Kilima kizima, taa iliyokuwa inawaka ilikuwa moja, na ilikuwa kwenye paji la uso wangu.

Sikumbuki mpangilio. Nakumbuka sauti ya mabawa masikioni kama mtu anapepeta. Nakumbuka mmoja puani. Senene wanauma, wanaonunua waliokwisha kunyonyolewa mabawa na miguu hawajui hilo, wana taya. Mkono mmoja umeshika ngazi, maana urefu naogopa, sijawahi kuficha. Mwingine unatafuta kile kiplagi nyuma ya kisogo, navuta, navuta, na kimelehemiwa na fundi hodari. Nikafungua mdomo nipige kelele, "Nizimeni!" Hicho ndicho nilichokuwa nasema kwenye video. "Nizimeni." Nikapata "Nizi", halafu mdomo ukapata mgeni.

Na mnajua familia yangu ilifanya nini? Nilimsikia mama mdogo kule chini, sauti ya upendo kabisa: "Waitu mwanangu, usizime! Tulia hapo hapo!" Mjomba akasogeza pipa likawa chini ya miguu yangu. Mtu akaegemeza bati mgongoni kwangu. Kina mama wakapanga ndoo kuzunguka ngazi, na mtoto mmoja akawa ananigonga magoti kwa fimbo, taratibu, ili walioshika suruali waanguke. Mimi nimekuwa mtego. Nikitikisika wanamwagika, watu wanashangilia. Nikitulia wanarudi. Nilivua shati nikiwa hewani, kwa mkono mmoja, na bado sielewi niliwezaje.

Ndipo taa zikapoa. Zambarau. Mmmm. Weupe ukapanda pole pole, wala haukuwa na haraka, ukamfunulia kila mtu: mimi, kifua wazi, mkanda umelegea, senene mmoja wa kahawia amekaa kwenye kitovu kama kifungo. Mzee wa watu aligeuza uso upande wa ziwa. Mwenye kuku hakugeuza kitu, alikuwa amesogeza simu karibu.

Mengine mafupi. Wimbi kubwa lilikuwa limeshakwenda kwenye mtego wa kilima cha pili, petroli imeungua bure nusu usiku, tochi ilikatwa kwa koleo, uso ulivimba siku mbili. Asubuhi fundi wa kweli alikuja, akabana vichwa vya shaba kwenye ncha za waya, akavifungia ndani ya kiboksi kisichoingia maji, dakika ishirini, akalipwa. Aliuliza nani alifanya ile ya kwanza. Watu wote walionyesha kwa vidole, mpaka bibi, ambaye haoni vizuri.

Mjomba hakunigombeza. Wakati wa kugawana aliniita pembeni akanipa kisado kimoja, wale walionyonyolewa tayari, akasema, "Hawa ni wako. Uliwakamata mwenyewe."

Nimewala. Kitunguu, chumvi kidogo, moto wa wastani. Nilikula kwa chuki.

Yule mzee leo asubuhi kaniitikia salamu, ingawa alicheka kabla sijamaliza kuamkia. Binti yake kaniandikia, ila ni emoji ya balbu tu, na sijui nielewe vipi. Na kuna mtu wa Muleba simfahamu ameniuliza inboksi kama msimu wa Aprili nitakuwa na nafasi. Anasema mapipa anayo.