Samaki "wa leo" mjini Kampala

Kinachoniudhi kwenye mikahawa ya sushi (ule wali wa Kijapani unaoliwa na samaki mbichi) hapa Kampala si bei, ni kudanganywa. Unamuuliza mhudumu samaki katoka wapi, anakujibu bila kupepesa macho: "Wa leo huyu, dada, freshi kabisa." Wa leo kutoka wapi? Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na samoni havuliwi Ziwa Victoria, analetwa kwa ndege hadi Entebbe. Semeni tu kwamba aligandishwa! Si aibu. Samaki wa kuliwa mbichi hugandishwa makusudi, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, ili minyoo wafe. Mimi ninachotaka kujua ni aliyeyushwa lini, maana umeme wetu mnaujua. Juzi nimeletewa vipande vyenye kingo za kahawia, vinachuruzika maji, juu ya wali wa friji, mgumu, punje zinapukutika kabla hazijafika mdomoni. Nikauliza tena. Mhudumu akaingia jikoni, akarudi na chupa ya mchuzi wa soya. Jibu hakuna. Na sangara wetu, tafadhali, mkaangeni. Samaki wa ziwani haliwi mbichi.